Mutesheni katika Soya: Kazi ya Mionzi na Kazi ya Jicho

Soya ni zao la jamii ya mikunde ambalo punje yake kavu hubeba takribani asilimia 40 ya protini na asilimia 20 ya mafuta, na kwa sababu hiyo zao hili humlisha binadamu kwa unga, maziwa na tofu, huwalisha kuku na nguruwe kwa mashudu, na huendesha viwanda vya mafuta ya kupikia karibu kila bara. Pamoja na neema hiyo, soya ina umaskini ambao mlaji hauoni, nao ni uchache wa utofauti katika urithi wake. Wakulima wa Asia ya Mashariki walioutoa mmea huu porini walichagua mimea michache yenye sifa walizozitaka, na waliouvusha hadi Amerika walianza na mbegu chache zaidi, kiasi kwamba sehemu kubwa ya soya inayolimwa Marekani inatokana na mababu wanaohesabika. Mtafiti wa mbegu anayetafuta sifa mpya, iwe ni kukomaa mapema, kuhimili ugonjwa au kutoa mafuta ya aina nyingine, anaweza kuipekua hazina yote ya mbegu zilizohifadhiwa asiione, au akaiona ndani ya mmea dhaifu ambao kuuchanganya na mbegu nzuri ni kuirudisha nyuma kazi ya miaka mingi.

Mojawapo ya njia za kutoka katika mkwamo huo ni mutesheni. Neno hili lina maana ya badiliko la ghafla katika maandishi ya jeni, badiliko ambalo mzazi humrithisha mzao wake. Mutesheni hutokea zenyewe katika kila kiumbe, ila hutokea kwa nadra mno kuweza kumtosha mtu anayefanya kazi kwa misimu ya kilimo. Mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha kwamba eksirei huziongeza maradufu kwa maradufu katika nzi wa matunda, na mwaka uliofuata Lewis Stadler akaonyesha jambo hilohilo katika shayiri na mahindi. Katika miaka ya 1940 Charlotte Auerbach, akiwa Edinburgh, alithibitisha kwamba kemikali nazo zina uwezo huo. Mwaka 1964 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki yaliunda kitengo cha pamoja chenye makao Vienna, na orodha inayotunzwa huko sasa ina zaidi ya aina 3,400 za mimea zilizopatikana kwa njia hii. Mpunga unaongoza orodha hiyo kwa mbali, na kwa upande wa mikunde, soya iko mbele.

Soya kufika huko si ajabu, kwani maumbile ya ua lake ndiyo yaliyoisukuma. Ua la soya ni dogo, lenye urefu wa milimita 5 hadi 7 hivi, na hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka, hata wadudu wanapolifikia kazi imekwisha. Anayetaka kuchanganya aina mbili kwa mikono hulazimika kulivizia tumba siku moja kabla halijachanua, kuchambua petali zake kwa koleo nyembamba, kuondoa stameni kumi bila kuigusa stigma, kisha kupaka chavua ya mmea mwingine na kufunga uzi wa alama kwenye kikonyo. Maua mengi yaliyoguswa hivyo hudondoka, na lile linaloshika huzaa ganda lenye punje mbili au tatu. Kwa upande mwingine, kujichavusha huko ni msaada mkubwa kwa kazi ya mutesheni, kwa kuwa mmea uliobadilika ukiachwa shambani huendelea kujizaa wenyewe, na baada ya vizazi vichache sifa mpya hutulia bila mtafiti kuweka uzio wala kufunika maua kwa mifuko.

Namna ya kuzalisha mutesheni yenyewe ni nyepesi kuliko watu wengi wanavyodhani. Mbegu kavu huwekwa mbele ya chanzo cha miale ya gama, mara nyingi kobalti 60, kwa kipimo ambacho kwa soya huwa kati ya gray 150 na 300, gray ikiwa ni kipimo cha nguvu ya mionzi inayofyonzwa na kitu. Kipimo kikizidi mbegu hazioti, na kikipungua mabadiliko huwa machache, hivyo kila aina hupimwa kwanza ili kujua inastahimili kiasi gani. Miale ya gama hukata nyuzi za kromosomu, na katika kuziunga upya seli hupoteza au hupindua vipande vya maandishi. Njia ya pili ni kuloweka mbegu katika kemikali iitwayo ethili methenisulfoneti, inayojulikana zaidi kwa kifupi EMS, ambayo haikati vipande bali hubadilisha herufi mojamoja za jeni. Hofu iliyozoeleka kwamba mbegu iliyopigwa miale ya gama hubaki na mionzi ndani yake haina msingi: miale hiyo hupita kama mwanga unavyopita kwenye kioo, na nguvu ya gama ya kobalti haitoshi kuigeuza atomu ya mbegu kuwa chanzo cha mionzi.

Kazi halisi huanza baada ya hapo, na ndipo miradi mingi inapofia. Kiinitete ndani ya mbegu kina seli nyingi, na mnururisho, yaani kupigwa miale, hauzibadilishi zote kwa namna moja, hivyo mmea wa kizazi cha kwanza, ambao wataalamu huuita M1, huwa wa viraka, tawi moja likiwa na badiliko ambalo tawi jirani halina. Aidha, mutesheni nyingi hufichika, yaani sifa yake haionekani mpaka mmea urithi nakala iliyobadilika kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo M1 huvunwa tu na kupandwa tena, na ni katika M2, kizazi cha pili, ambamo mimea ya ajabu huanza kujitokeza: mfupi mmoja kati ya warefu, mmoja uliokauka majani wiki mbili kabla ya wenzake, mmoja wenye majani ya manjano. Mtafiti hupita kati ya mistari ya maelfu ya mimea akiwa na daftari na vijiti vya alama, na mmea ambao hakuuona siku hiyo umepotea. Kisha kuanzia M3 hadi M6 au zaidi ile michache iliyochaguliwa hupandwa kwa kulinganishwa na mzazi wake, ili kutenganisha sifa inayorithiwa na mmea uliopendeza kwa sababu tu uliota penye samadi nyingi.

Jambo linaloifanya soya iwe ngumu kuliko mpunga au shayiri limo ndani ya kromosomu zake, na lilidhihirika vizuri mwaka 2010, pale maandishi yote ya urithi wa aina iitwayo Williams 82 yalipochapishwa. Yalionyesha zaidi ya jeni 46,000 katika jozi 20 za kromosomu, na yalionyesha pia kwamba mababu wa soya waliwahi kuurudufu urithi wao wote mara mbili, takribani miaka milioni 59 na milioni 13 iliyopita. Matokeo yake ni kwamba karibu robo tatu ya jeni za soya zipo katika nakala zaidi ya moja. Mmea wenye jeni mbili zinazofanya kazi ileile haustuki moja inapoharibika, kwa sababu pacha wake hushika zamu, na mtafiti aliyesimama shambani haoni lolote. Ikichukuliwa kwamba nafasi ya kuipata jeni fulani ikiwa imeharibika ni mmea mmoja kwa 2,000, nafasi ya kuzipata pacha zote mbili zikiwa zimeharibika katika mmea uleule inakuwa mmoja kwa 4,000,000, idadi isiyo na shamba la utafiti la kuibeba. Kutokana na hali hii, anayenururisha soya na kungoja bahati aghalabu huondoka mikono mitupu, ilhali anayejua jeni anayoitafuta na pacha wake hupata njia ya kupita.

Mfano bora wa njia hiyo ni mafuta. Mafuta ya soya ya kawaida yana kiasi cha robo tu ya asidi ya oleiki, ile inayofanya mafuta yasichache haraka na yavumilie moto wa kukaangia, kwa kuwa ndani ya punje kuna kimeng'enya kinachoigeuza oleiki kuwa linoleiki. Jeni za kimeng'enya hicho katika punje ni mbili, FAD2-1A na FAD2-1B. Watafiti wa Japani walipata kwa eksirei mstari wa mbegu unaoitwa M23 (hapa ni jina tu, si kizazi), uliopoteza nakala ya kwanza, na oleiki yake ikapanda hadi karibu nusu ya mafuta yote. Ilikuwa hatua kubwa, lakini iligota hapo, kwa sababu nakala ya pili ilikuwa bado kazini. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri waliziunganisha kwa uchavushaji wa kawaida mutesheni za nakala zote mbili, na oleiki ikafika takribani asilimia 80, karibu sawa na mafuta ya zeituni yaliyo bora. Kila mutesheni ilipatikana kivyake, ikatambuliwa kwa kipimo cha maabara badala ya kungojwa ionekane kwa macho, kisha zikakutanishwa katika mmea mmoja. Kabla ya hapo, njia kama hiyo ilikuwa imetumika Iowa kupunguza asidi ya linoleniki, inayochachisha mafuta, na mbegu hizo zilipata soko la haraka pale Marekani ilipoanza mwaka 2006 kulazimisha viwanda kuandika kwenye pakiti kiasi cha mafuta ya trans, yatokanayo na kugandisha mafuta ya mimea kwa hidrojeni.

Japani ndiyo iliyotoa kisa kingine kinachostahili kuelezwa kwa urefu, kwani kinaonyesha kitu ambacho uchavushaji peke yake usingekifikia. Harufu ya maharage mabichi inayowafanya watu wengi wakwepe maziwa ya soya husababishwa na vimeng'enya vitatu viitwavyo lipoksijenezi, ambavyo huamka punje inaposagwa pamoja na maji. Mimea isiyo na kimojawapo cha vimeng'enya hivyo ilikwisha kupatikana katika hazina za mbegu, ila jeni za viwili kati yake zimekaa karibu mno kwenye kromosomu moja, na jeni zilizokaa hivyo hurithiwa pamoja, mithili ya shanga mbili zilizotungwa kwenye uzi mmoja bila nafasi kati yake. Kila mzao aliyekosa kimeng'enya kimoja alirithi kingine. Mwaka 1991 watafiti wa Japani walitangaza kwamba, baada ya kunururisha mbegu za machotara kwa miale ya gama, walipata mstari usio na vimeng'enya vyote vitatu, na kutokana nao ikazaliwa aina iitwayo Ichihime. Mnururisho ulifungua fundo ambalo kalamu na hesabu za urithi zilionyesha kwamba halifunguki.

Si kila ushindi wa maabara hugeuka mavuno. Mwaka 1985 watafiti wa Canberra, Australia, waliokuwa wakitumia EMS juu ya aina iitwayo Bragg, walieleza mimea ambayo mizizi yake ilijaa vinundu kupita kiasi. Vinundu ni vile vivimbe ambamo bakteria huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa mbolea ya mmea, na soya ya kawaida huvizuia visizidi, hasa penye naitrojeni ya kutosha ardhini. Mimea hii mipya ilikuwa imepoteza breki. Jaribio la kupandikiza ndilo lililowashangaza wengi: shina la mmea uliobadilika lilipounganishwa na mizizi ya mmea wa kawaida, mizizi hiyo ya kawaida nayo ilijaa vinundu, na shina la kawaida lilipokaa juu ya mizizi iliyobadilika, vinundu vilirudi katika kiwango chake. Amri ya kuzuia vinundu hutoka kwenye majani, na mwaka 2003 jeni yenyewe ilitambuliwa na kupewa jina la NARK. Kwa sayansi, hii ilikuwa hazina. Kwa mkulima haikufaa, kwa sababu kulisha vinundu ni gharama, na mmea unaolisha vingi mno hudumaa mizizi na kutoa punje chache.

Funzo kama hilo limo katika mbegu zenye fitati kidogo. Fitati ni namna ambavyo punje huhifadhi fosforasi, na ina ubaya wa kuyashika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe tumboni, pamoja na kuwafanya kuku na nguruwe waitupe fosforasi hiyo kwenye kinyesi bila kunufaika. Kwa EMS ilipatikana Marekani mistari ya soya ambayo fitati yake imepungua sana, na hapa pia ilikuja kubainika kwamba sifa hiyo hutegemea jeni mbili zilizo pacha, zote zikiwa zimeharibika. Lakini mbegu hizo ziliota vibaya shambani, na tatizo lilizidi pale mbegu yenyewe ilipozalishwa katika maeneo yenye joto. Nchi za joto zinazovutiwa na chakula chenye chuma na zinki zaidi hazina budi kulitazama jambo hili kabla ya kununua sifa hiyo kwa shangwe.

Palipo na manufaa ya wazi kwa wakulima wadogo ni Asia, na sifa iliyoleta manufaa hayo si ya kustaajabisha: ni kukomaa mapema. Japani ilitoa aina ya Raiden mwaka 1966, iliyotokana na kunururishwa kwa aina iliyokuwa ikihimili minyoo ya mizizi, na ikawa inakomaa mapema kuliko mzazi wake. Vietnam ilipiga hatua ndefu zaidi. Taasisi yake ya jenetiki ya kilimo ilinururisha mstari wa chotara kwa gray 180 na kupata DT84, aina inayokomaa kwa takribani siku 80 hadi 85, inayoweza kupandwa misimu mitatu kwa mwaka na kuingizwa kati ya mavuno mawili ya mpunga katika shamba ambalo lingekaa bure. Hapo nguvu ya mutesheni iko mahali pake, kwa sababu kukomaa huongozwa na jeni chache zinazosoma urefu wa mchana, na kuharibika kwa mojawapo huonekana shambani kwa macho. Indonesia nayo ilifuata mkondo huo na kuongeza ukubwa wa punje, sifa inayopendwa na watengenezaji wa tempe, chakula cha soya iliyochachushwa.

Magonjwa ni habari nyingine. Kuharibu jeni ni rahisi kuliko kuitunga, na kinga dhidi ya ugonjwa mara nyingi huhitaji jeni inayofanya kazi, si iliyokufa. Thailand ilifanikiwa kupata aina ya Doi Kham inayohimili kutu, lakini mafanikio ya namna hiyo ni machache, na asemaye kwamba mnururisho utaponya kila ugonjwa wa soya anaahidi asichoweza kulipa. Mavuno kwa jumla nayo hutawaliwa na jeni nyingi zenye mchango mdogomdogo, na badiliko moja halitayapandisha ghafla.

Afrika Mashariki inaijua soya kwa zaidi ya karne, kwani ilipandwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1907 enzi ya Wajerumani. Mwaka 1996 kutu ya soya iliripotiwa Uganda, Kenya na Rwanda, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere waliikabili kwa uchavushaji na uteuzi hadi wakatoa Maksoy 1N mwaka 2004 na aina nyingine baada yake. Walifanya hivyo bila mutesheni, na walifanya vizuri. Ujuzi wa mutesheni haujakosekana kanda hii: Chuo Kikuu cha Eldoret kilitoa mwaka 2014 ngano ya Eldo Ngano 1, inayostahimili kutu ya shina ya Ug99 iliyogunduliwa kwanza Uganda, na Zanzibar imepata mpunga wa SUPA BC kutokana na Supa ya kunukia ambayo walaji hawakutaka ipotee. Mifano yote miwili ina funzo moja ambalo soya inaweza kulitumia. Waliofanikiwa walichukua mbegu ambayo wakulima na walaji tayari waliipenda, wakaibadilisha sifa moja tu iliyokuwa ikiwaumiza, na kuiacha iliyobaki kama ilivyo.

Kwa upande wa sheria, njia hii haina kizuizi kikubwa. Mbegu za mutesheni hazina jeni ya kiumbe kingine, na nchi nyingi haziziweki katika kundi la mazao yaliyobadilishwa kwa uhandisi jeni. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Julai 2018 kwamba mutesheni ni namna ya kubadilisha viumbe, ila ikaziacha nje ya masharti zile njia zilizotumika kwa muda mrefu bila madhara, yaani mionzi na kemikali. Jambo hili lina uzito kwa nchi inayouza nje, na Tanzania ilifunguliwa soko la soya la China mwaka 2020.

Mashine ya kunururisha si kikwazo pia. Maabara ya Seibersdorf, karibu na Vienna, hunururisha mbegu za nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote ni wanachama. Kinachokosekana ni kitu ambacho hakitumwi kwa ndege: misimu sita au saba mfululizo ya shamba lenye mistari maelfu, mtafiti ambaye hahamishwi katikati ya M3, na maabara ndogo ya kusoma jeni pacha ili mutesheni iliyojificha isitupwe na magugu. Wizara na vyuo vinavyotaka soya inayokomaa mapema kwa wakulima wa mvua chache, au yenye mafuta yanayodumu jikoni, vitenge fedha za misimu hiyo yote kabla ya kupeleka hata punje moja kwenye kobalti.